Mwalimu Anatafuta Trekta

Muuzaji alikuwa ameonywa kwa simu tangu usiku: asiliwashe. Kwa hiyo tulipoingia uani kwake, Ngarenaro, jua likiwa bado halijavuka ukuta, fundi hakuanza kwa salamu wala kwa kutazama rangi. Alinyoosha mkono, akabandika kiganja ubavuni mwa injini. Chuma kilikuwa baridi. Ndipo alipogeuka akasalimia watu.

Injini ya dizeli iliyochoka hujificha mchana na kuumbuka asubuhi. Ringi zikilika, mgandamizo hupungua, hewa ndani ya silinda haipati joto la kutosha kuwasha dizeli, na stata itazunguka mpaka betri iishe nguvu. Injini hiyohiyo ikishapashwa moto hushika mara moja, na mgeni akaondoka anaisifia. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Ukifika ukakuta trekta linanguruma tangu alfajiri eti usipoteze muda wako, jua kuna jambo umeshafichwa.

Mnunuzi ni mwalimu mstaafu, na pale uani wote walimwita Mwalimu, hata vijana ambao hakuwahi kuwafundisha. Ana shamba la mahindi na maharage Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo ardhi inashuka kuelekea barabara ya Namanga kwa mteremko ambao mtu wa mjini huutambua kwa magoti kwanza. Kila mwaka hukodi trekta, na kila mwaka zamu yake hufika masika yameshaanza na majirani wameshapanda. Kiinua mgongo chake kimekaa benki, watoto wanakitolea macho, naye ameamua kitakuwa chuma. Anataka kulima shamba lake, kulimia wengine kwa malipo, na baada ya mavuno kuvuta tela la magunia hadi lami. Mimi nilifuatana naye kwa ajili ya makala hii, nikapewa kazi ya kushika tochi. Daftari alilishika mwenyewe, kaunta buku lenye mistari, na alichoandika hakuonyesha mtu.

Ngarenaro kwa kawaida si pa kutafutia trekta. Ni kata ya mjini, nyumba zimebanana, vijana wanaiita Nako, na ndiko kundi la hip hop la Nako 2 Nako lilikopata jina. Lakini Unga Limited yenye karakana zake haiko mbali, na nyuma ya mageti ya mabati hukosi kuona jenereta kubwa, kichwa cha lori, na mara mojamoja trekta lililoletwa kutoka shamba fulani lisubiri mteja. Jirani tu, Kaloleni, jengo lililopitishiwa Azimio la Arusha mwaka 1967 sasa ni makumbusho. Miaka hiyo Nyerere alikuwa akihimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono waende kwanza kwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe, kwa hoja kwamba trekta linadai fedha za kigeni, spea na fundi, na nchi haikuwa na vya kutosha katika hivyo vitatu. Mwaka 2009, Kilimo Kwanza kilipotangazwa, hesabu iliyokuwa ikitajwa na serikali ni kwamba asilimia 70 ya ardhi bado inalimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa wanyama na 10 kwa trekta. Mwalimu alilifundisha Azimio darasani. Nilimuuliza kwa nini asinunue maksai. Akasema maksai nao siku hizi wanataka mchungaji, na mchungaji yuko mjini anaendesha bodaboda.

Trekta lililokuwa mbele yetu ni Massey Ferguson 135, jekundu la kung'aa, hata nati za magurudumu zimepakwa. Aina hii ilitengenezwa kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, na nyingi zina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, yenye nguvu ya farasi 45 hivi. Kiwanda cha Coventry kimeshafungwa tangu mwaka 2003. Trekta lake halijafa kwa sababu ramani zake zilihamia kwingine: TAFE ya Chennai, India, na Millat ya Lahore, Pakistan, ziliendelea kuunda ndugu zake kwa miongo kadhaa, na kwa hiyo ringi, gasketi, nozeli na sahani za klachi bado zinaingia madukani. Huo ndio msingi wa biashara yote ya matrekta ya kale katika nchi hizi. Trekta zuri la miaka ya 60 lisilo na spea ni pambo la bustani, na Mwalimu hakuja kununua pambo.

Dalali, kijana mwenye maneno, alianza kwenye rangi. "Mama, tazama mwili huu. Aisee, ni kama limetoka kwenye boksi."

"Rangi nimeiona," akasema Mwalimu. "Sasa nionyeshe panapovuja."

Fundi alikuwa ameshalala chali chini ya tumbo la trekta. Matrekta ya aina hii hayana chesisi. Injini imefungwa kwa bolti kwenye gia boksi, gia boksi ikafungwa kwenye difu, na chuma hicho cha kalibu ndicho uti wa mgongo. Mtindo huo ulienezwa na Fordson ya Henry Ford tangu mwaka 1917. Kwa hiyo mahali pa kusoma maisha ya trekta ni pale linapoungana. Niliambiwa nielekeze tochi kwenye bolti za mzunguko wa klachi. Rangi nyekundu ilikuwa imejaa vizuri kwenye mabapa ya chuma, ila kwenye kona za vichwa vya bolti spana ilikuwa imeacha makovu ya zamani chini ya rangi. Kwa maneno mengine, lilishapasuliwa katikati, na mtu hapasui trekta katikati kwa kujifurahisha. Ama klachi ilibadilishwa, ama kitu kizito zaidi. Fundi alitafuta ufa, akatafuta mstari wa kuchomelea, akapitisha ukucha kote. Hapakuwa na kitu. Muuzaji akaleta risiti ya sahani ya klachi, karatasi iliyofifia, na hapo fundi akatabasamu mara ya kwanza. Makovu ya spana yenye risiti ni sifa.

Halafu likawashwa. Lilishika upesi, likatoa moshi mweupe kidogo ukapotea. Moshi ni lugha ambayo kila fundi anaidai kuijua, na kwa kweli si ngumu. Mweupe unaoendelea ni dizeli isiyoungua au maji. Wa bluu ni oili inayopanda kupita ringi au kushuka kupitia valvu. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Huu wa mwisho unataka huruma kidogo hapa kwetu. Arusha mjini tuko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Oldonyo Sambu ni juu zaidi, na kanuni ya wahandisi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Trekta lililokuwa safi Tanga litatoa wingu jeusi mlimani bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kifuniko cha kujazia oili kilifunguliwa injini ikiwa sailensa. Mvuke mdogo, hakuna mapigo. Injini iliyokwisha hupumua pale kwa nguvu, moshi ukitoka kwa mipigo, maana mlipuko unapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Nyuma ya injini palikuwa na jasho la oili. Fundi alilipita bila kulisema. Perkins hii ina sili ya kamba mwishoni mwa krenkishafti, na kutokwa jasho pale ni tabia yake tangu ujana.

Kanyagio la klachi lina hatua mbili kwenye mengi ya matrekta haya: nusu ya kwanza inasimamisha magurudumu, nusu ya pili inasimamisha shafti ya nyuma inayozungusha mashine za kukobolea au za kukata majani. Vyote vilitii. Mikono ya haidroliki ilinyanyua jembe, injini ikazimwa, jembe likabaki juu huku tukizungumza, likishuka polepole mno. Kijiti cha kupimia oili ya haidroliki kilipotolewa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dalali alikaa kimya, nadhani alitegemea mabaya. Kumbe kwenye Massey hizi oili ya gia boksi na ya haidroliki ni moja, na maji huingia kupitia raba iliyopasuka kwenye mti wa gia, trekta linapolala nje kwenye mvua. Dawa yake ni raba mpya na kumwaga oili. Mwalimu aliandika mstari mmoja kwenye daftari.

Mpaka hapo ningelinunua mimi mwenyewe, kama ningekuwa na fedha na shamba.

Fundi akaona kijiti kidogo kwenye dashibodi, akakigusa kwa kidole. Akamwomba muuzaji walitoe nje, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka. Alilisimamisha likitazama chini, akaweka gia ya kwanza, gia ya nguvu kuliko zote, akazima injini, akaachia breki. Gari lolote lingebaki pale limeshikwa na injini yake. Trekta lile jekundu likaanza kuondoka. Halikuwa na haraka yoyote, na mwenye duka la jirani akavuta benchi lake pembeni.

Kijiti kile kinaitwa Multi-Power. Ni ufundi wa Massey Ferguson wa miaka ya 1960, na kwa dereva wa shamba tambarare ni raha tupu: unabadili mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi, na gia sita zinakuwa kumi na mbili. Lakini mwendo wa chini unapita kwenye kifaa kinachosukuma upande mmoja tu. Injini inaweza kuzungusha magurudumu. Magurudumu yakitaka kukimbia kuliko injini, hakuna cha kuyazuia. Injini ikizimwa, shinikizo la oili linakwisha na trekta linarudi kwenye mwendo huohuo wa chini. Kwa hiyo halishikwi na gia likiegeshwa, haliwezi kuwashwa kwa kusukumwa, na likishuka mlima na tela la magunia nyuma, kilichopo kati ya dereva na bonde ni breki peke yake. Halijaharibika. Ndivyo lilivyoundwa, na vitabu vya kiwanda vilionya.

"Kwa mtu wa Kisongo au wa Mto wa Mbu, hili ni trekta zuri sana," fundi akamwambia muuzaji, akimrudishia heshima yake. "Kwa Mwalimu litaua mtu."

Muuzaji hakubisha. Alisema ana mtu Kisongo. Dalali ndiye aliyebisha, akasema dereva mzuri atatumia mwendo wa juu tu wakati wa kushuka, na kusema kweli kwa nadharia yuko sahihi. Mwalimu akamuuliza kama dereva huyo mzuri ni yeye. Akafunga daftari.

Njiani kwenda kwenye trekta la pili, Barabara ya Sokoine ikitupeleka magharibi kupita Mbauda na mashamba ya kahawa ya Burka, nilikuwa nawaza jinsi shughuli hii ndogo ya kiganja, tochi na mteremko ilivyokosekana siku nchi hii iliponunuliwa matrekta chakavu mengi kwa mpigo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Dodoma, kwa shabaha ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta mapya hayakupatikana duniani kwa wingi huo. Wakazoa masalia ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, yamekaa kwenye unyevu na chumvi, na baadaye wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mengi ya masalia yale yalifia kazini mapema. Karakana zilikuwa hazijasimama, spea hazikulingana, madereva walifundishwa juujuu, na udongo wa Kongwa, ukikauka, ulisaga majembe kwa mchanga wake mkali. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Kwa makosa yote yanayotajwa kuhusu Kongwa, mvua, udongo, kiburi cha London, mimi naona hili halitajwi vya kutosha: watu walinunua mashine zilizotumika kwa kuangalia orodha.

Baada ya uhuru yamekuja mengine kwa mafungu. Valmet za Finland ziliunganishwa Kibaha miaka ya 1980. Baadaye zikaja Farmtrac na New Holland kupitia SUMA JKT kwa mkopo wa India. Kisha Ursus za Poland, nazo Kibaha. Kila fungu limeacha mifupa yake kandokando ya barabara za wilayani, na ukiuliza kwa nini hili limesimama, jibu ni lilelile, spea. Arusha yenyewe ina CAMARTEC, taasisi ya serikali ya zana za kilimo iliyoundwa mwaka 1981, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima mashine. Ila trekta la mtu lenye miaka hamsini, lililopita mikononi mwa wamiliki wanne, halina cheti. Linapimwa na fundi aliyeletwa na mnunuzi, kwa nauli ya mnunuzi, kabla muuzaji hajazoeana naye.

Hili la pili lilikuwa Ford 5000, Kisongo, ng'ambo ya uwanja wa ndege, limesimama chini ya mgunga huku majani yakipanda kwenye rimu. Rangi ya bluu ilikuwa imebaki kwenye mikunjo tu. Mwenyeji, kijana wa makamo, alitukaribisha kwa chai kwanza, akamwamkia Mwalimu shikamoo mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza alidhani hakusikika, akasema trekta ni la marehemu baba yake na ni la mwaka 1975.

Ford za wakati ule huandika siku yao ya kuzaliwa mwilini. Kwenye chuma cha gia boksi, karibu na injini, kuna namba zilizogongwa, na mojawapo ni alama fupi: tarakimu ya mwisho ya mwaka, herufi ya mwezi, kisha siku. Fundi alisugua kwa brashi ya waya na dizeli mpaka ikajitokeza 1E. Mei 1971. Kijana alishangaa kwa dhati. 1975 ndio mwaka baba yake aliolinunua kutoka shamba moja la ngano upande wa Monduli. Kwa umri huu miaka minne haibadilishi kitu kwenye chuma. Inabadilisha kitu kwenye bei, na Mwalimu aliandika.

Ford 5000 ni mnyama mwingine. Silinda nne, nguvu ya farasi 75 hivi kwa yale ya baada ya mwaka 1968, uzito wa kuvuta jembe la diski tatu bila kuruka mbele, na gia nane za kawaida zinazoshika mteremko. Mita ya saa ilikuwa imesimama, na fundi hakuitazama hata ingekuwa inatembea, kwa kuwa mita za aina hiyo huhesabu kwa mzunguko wa injini, si kwa saa ya ukutani. Saa ya mita ni saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya kazi iliyowekwa. Alitazama vitu ambavyo havisemi uongo kirahisi: kanyagio la klachi lililolika upande mmoja, matundu ya pini za kuunganishia jembe yaliyokuwa mayai badala ya duara, usukani wenye nafasi ya robo mzunguko kabla magurudumu hayajasikia. Akainua mbele kwa jeki, akatikisa gurudumu moja moja. King pini zimekwisha. Pini ya katikati ya ekseli nayo. Hizo zinachongwa, akasema, weka pembeni.

Matairi ya nyuma yalikuwa na meno ya kutosha lakini kuta zimepasuka kwa jua. Hapo Mwalimu alinung'unika, na alikuwa na haki, maana jozi ya matairi makubwa inaweza kula sehemu nzuri ya bei ya trekta zima. Jiji lililokuwa na kiwanda cha General Tyre tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009 sasa linaagiza kila kitu.

Fundi hakuliwasha siku ile. Ford za kundi hili zina kasoro inayojulikana duniani kote: pistoni zinatembea moja kwa moja kwenye chuma cha bloku, bila silivu. Ukuta wa silinda hutetemeka kila mlipuko. Kwenye maji yanayouzunguka huzaliwa viputo vidogo mno vinavyopasuka dhidi ya chuma, na kila kimoja hung'oa chembe. Maji ya rejeta yenye dawa huukinga ukuta. Maji ya mtoni au ya bomba, ambayo ndiyo yametiwa humu miaka yote hii, hayaukingi. Baada ya maelfu ya saa tundu la upana wa sindano hutoboka, na maji huanza kushukia kwenye oili, kidogokidogo, injini ikilala.

Maji ni mazito kuliko oili. Usiku yanazama chini ya sampo. Kwa hiyo fundi alisubiri asubuhi.

Kulipopambazuka aliweka kopo jeupe la rangi, lililooshwa vizuri, chini ya nati ya kumwagia oili. Hakuifungua. Aliilegeza tu, robo mzunguko, akangoja. Oili ikikutangulia, furahi. Tuliinama watu watano, hata mama wa nyumba aliyekuja na sufuria mkononi. Tone likajikusanya kwenye uzi wa nati, likawa kubwa, likaanguka: angavu. La pili angavu, la tatu na la nne hivyohivyo, halafu ikaja oili nyeusi nzito na fundi akakaza.

Matone manne. Kijana akasema ni umande, trekta limekaa bila kazi tangu msiba, na injini isiyopashwa moto hukusanya unyevu. Hoja hiyo ni ya kweli. Nimeona watu wakigombana na kuvunja biashara kwa matone machache kuliko hayo, pande zote mbili zikiwa na haki. Fundi hakugombana. Alijaza rejeta mpaka shingoni, akachora mstari kwa chaki, akabadili oili kwa gharama ya Mwalimu, akasema sasa twende tukalime.

Shamba la jirani lililimwa bure siku ile. Ford ilichelewa kushika, ikatoa moshi mweupe kwa muda, ikatulia. Diski tatu zikazama kwenye udongo mwekundu, na dereva akalipitisha gia baada ya gia akiwa na mzigo, kwa kuwa gia iliyolika meno haitoki mahali pake uani, hutoka ikivuta. Ya tatu iliruka mara moja. Fundi alitembea pembeni, akichungulia mshale wa joto, akisikiliza difu. Jua lilipokuwa kali rejeta ilifunguliwa kwa tahadhari: mapovu machache, si mengi. Moshi chini ya mzigo ulikuwa mweusi wa wastani, wa mlimani. Nguvu lilikuwa nayo. Mwalimu alivua viatu, akapanda, akaendesha mistari mitatu mwenyewe, mmoja wao ukiwa umenyooka.

Jioni alikaa na kijana kwenye karatasi, na hapa nilijifunza kwamba upande huu una matundu ya sindano yake. Kadi ya usajili ilikuwa kwa jina la marehemu. Namba ya kwenye kadi ilioanishwa na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, tochi mkononi mwangu, na zikaoana. Lakini mwenye kadi hawezi kusaini. Kijana ana dada wawili na kaka mmoja, na asiyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi hawezi kuuza mali ya marehemu, hata ndugu wote wakisema sawa kwa simu. Alikuwa ameshaanza shauri mahakama ya mwanzo. Mwalimu akataka kuiona nakala. Akaisoma yote, akasahihisha tahajia ya neno moja kwa kalamu yake, akasema fedha itatoka barua ya usimamizi ikishatoka, na ndugu wote wanne watasaini mkataba mbele ya wakili. Kijana alikubali kwa namna ya mtu aliyewahi kukaa dawati la mbele.

Asubuhi iliyofuata kopo jeupe lilirudi chini ya sampo. Oili ilikuwa mpya, injini ilikuwa imechemka siku nzima, kwa hiyo umande haukuwa tena na nafasi. Matone mawili ya maji, halafu oili. Kwenye rejeta maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole chini ya chaki.

Kijana alitazama kopo kwa muda mrefu. "Basi baba alikuwa analijua hili," akasema. "Alikuwa anaongeza maji kila asubuhi kabla ya chai."

Wengine wangeondoka hapo, na vitabu vingi vya ushauri vingesema waondoke. Fundi alikuwa na hesabu nyingine. Bloku iliyotoboka hivi inachongwa silinda zote nne na kutiwa silivu, na ikishatiwa, kasoro ile ya kuzaliwa inakwisha kabisa. Trekta linakuwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani Basildon. Pistoni na ringi zitabadilishwa hapohapo. Gia ya tatu itasubiri. Klachi itatazamwa bure kwa kuwa litakuwa limeshapasuliwa. Alichohitaji ni kwamba gharama hiyo yote, pamoja na king pini na walau tairi moja, itoke kwenye bei na si kwenye mfuko wa Mwalimu. Bei siiandiki. Mwalimu ameniomba, maana majirani wanasoma magazeti na yeye anatarajia kuwatoza kwa ekari. Nitasema tu kwamba kijana alianza juu, akasikiliza gharama zikisomwa moja baada ya nyingine kutoka kwenye kaunta buku, akaomba lisomwe tena, akashuka zaidi ya theluthi.

Walikubaliana injini ifunguliwe kabla ya malipo ya mwisho, kijana akiwepo. Bloku ikionekana na ufa usiotibika, kila mtu abaki na chake na Mwalimu amlipe fundi siku zake. Fundi akaenda kusimama kwenye mwinuko ambako simu inashika vizuri, akampigia mtu wa karakana Unga Limited kuuliza mashine ya kuchongea silinda ina foleni ya siku ngapi, na kama silivu za Ford zilizopo ni za India au za Uturuki.

"Nne," alikuwa akipaza sauti. "Zote nne. Hapana, si tatu, hii siyo Massey."